Kibuyu Hiki Kimefanya Kazi

Nilisema "maziwa" kabla sijajizuia.

Tulikuwa wanne mezani, jikoni kwa mwenzangu wa kazini hapa Glasgow, usiku mmoja wa Februari, ile baridi ya madirisha kutokwa jasho kwa ndani. Alikuwa anatimiza miaka sitini. Badala ya keki akatoa chupa ya wiski aliyokuwa ameificha nyuma ya pakiti za unga tangu wakati wa korona. Alitumiminia kidogo kidogo, kama anayempimia mtoto dawa ya kifua, akatuomba tunuse kwanza bila haraka, kisha kila mmoja aseme neno moja tu, lile la kwanza kumjia.

Wa kwanza akasema jivu. Wa pili, stroberi. Mwenye chupa akasema bahari (yeye husema bahari kwa chochote kitokacho kisiwa cha Islay, huku huku Scotland, hata jibini).

Mimi nikasema maziwa.

Hawakucheka. Afadhali wangecheka. Walinitazama kwa ule upole ninaoujua vizuri, wa watu wanaodhani umekosea neno kwa sababu Kiingereza ulikipatia shuleni. "Krimu, labda?" mmoja akaniokoa. "Vanila?" Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, krimu, na mazungumzo yakasonga mbele yakaniacha pale pale.

Sikumaanisha krimu. Nilimaanisha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kwenye kibuyu.

Wiki sita sasa jambo hili halijanitoka. Nikiwa kwenye basi la alfajiri kutoka zamu ya usiku, nikiwa napiga pasi, najikuta narudi kwenye ile glasi. Niliionja nini hasa? Na kwa nini pamoja na ule utamu nilihisi kitu kingine, kama aibu ya zamani ambayo si yangu?

## Moshi

Niseme mapema kwamba mimi si mnywaji. Nimelelewa Bomet, Kenya, nyumba ya walokole, ambako chang'aa, yaani gongo, ilikuwa habari ya chifu na askari wake. Wiski nimeijulia huku, na hata huku huonja zaidi ya ninavyokunywa. Lakini moshi naujua.

Chupa yenyewe inaitwa Am Bùrach, ya kiwanda cha Kilchoman, upande wa magharibi wa Islay. Kilianzishwa mwaka 2005 kwenye shamba, na kabla yake kisiwa hicho kilikuwa kimekaa miaka 124 bila kujengewa kiwanda kipya cha wiski. Shayiri huloweshwa, ikachipua ikawa kimea, na hapo msomaji aliyewahi kuona kimea cha wimbi kikianikwa kwenye gunia hana haja ya maelezo. Tofauti ni kwamba Islay jua haliaminiki, kwa hiyo kimea hukaushwa kwa moto. Na kwa kuwa miti ni michache, moto huo tangu zamani ni wa mboji ya kinamasi, ile tope nyeusi ya majani na nyasi zilizolala majini maelfu ya miaka, ikakatwa kama matofali na kukaushwa. Wanyarwanda wanaiita nyiramugengeri, na wao wameijengea mitambo ya kufua umeme. Waskoti wakaamua kuinywa.

Moshi huo hugandama kwenye kimea. Hupimwa kwa fenoli, kemikali za moshi: kimea ambacho Kilchoman hununua kutoka Port Ellen, kwenye kisiwa hicho hicho, hufika sehemu 50 katika milioni, na kile wanachokianika wenyewe kwenye sakafu yao huwa karibu 20. Watu hupenda kutajiana namba hizi kama wapenda magari wanavyotajiana ukubwa wa injini. Ila namba ni ya kimea. Mpaka wiski ifike mdomoni, mwingi wa moshi huo umeshapotelea njiani, na unaobaki hauna namba kwenye lebo.

Hayo yote niliyasoma wiki ya kwanza. Hayakunisaidia. Moshi wa mursik si moshi wa mboji; mmoja ni wa mti na mwingine ni wa kinamasi. Kama ni moshi tu ulionikumbusha nyumbani, ningesema samaki, ningesema jiko, ningesema paa la nyumba ya nyanya yangu.

Nilisema maziwa.

## Ndani ya pipa

Jibu, au nusu yake, nililipata wiki ya pili, kwenye sentensi moja inayohusu mapipa ya bourbon, wiski ya Wamarekani.

Pombe inayotoka kwenye vyungu vya shaba haina rangi. Ukiiweka kando ya chang'aa huwezi kuzitofautisha kwa macho. Rangi yake, na sehemu kubwa ya ladha, hutoka kwenye mbao ambamo hulala kwa miaka isiyopungua mitatu. Wamarekani hawaruhusiwi na sheria yao kutumia pipa la zamani kwa bourbon. Ni lazima liwe jipya, la mwaloni, na liwe limechomwa ndani. Si kupitishwa tu karibu na moto. Linawashwa mpaka ukuta wa ndani unageuka mkaa. Wakishalitumia mara moja hawalihitaji tena, na ndiyo maana Scotland imejaa mapipa ya mtumba kutoka Kentucky.

Chombo cha mti kilichochomwa ndani, kikageuka mkaa, kisha kikajazwa kinywaji na kuachwa kimya.

Nilisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama, mkono mmoja ukiwa kwenye mlango wa friji. Kwetu chombo hicho kinaitwa sotet. Ni kibuyu kirefu chenye mfuniko wa ngozi. Unakiosha kwa sosiot, ule ufito wa mkindu uliopondwa ncha ukawa kama brashi. Unachoma vijiti vya senetwet, unaangusha makaa mekundu ndani, na kwa sosiot ile ile unayasaga kwenye kuta za kibuyu huku ukikizungusha, mpaka moshi unakoma na ndani kunang'aa kama risasi ya penseli. Ndipo unapomimina maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Siku tatu, nne, wiki. Yanaganda, yanachachuka, yanapata wingu la kijivu-buluu. Ndiyo yale wanariadha hunyweshwa uwanja wa ndege wakirudi na medali, kamera zikiwasubiri wakunje uso.

Kwa hiyo ulimi wangu haukukosea. Ulikuwa umetambua ukuta wa chombo.

Ningeishia hapo, ningekuwa na kisa kizuri cha kusimulia kazini, kwamba Mkipsigis na Mskoti ni ndugu wa mkaa. Lakini haikueleza ile aibu.

## Fujo

Am Bùrach, kwa Kigaeli, ni fujo. Vurugu. Kitu kilichoboronga.

Kiwanda chenyewe kinasimulia bila haya. Siku moja kwenye ukumbi wa kujaza chupa, wiski iliyokuwa imekomaa kwenye mapipa ya port ilichanganywa kimakosa na Machir Bay, wiski yao ya kila siku. Huwezi kutenganisha kilichochanganyika. Badala ya kuimwaga au kuiuza kimyakimya, waliirudisha mapipani, ikaja kuishia kwenye mapipa yaliyowahi kulaza port nyekundu ya Ureno, ule mvinyo mzito wenye sukari. Mwaka 2020 wakaitoa kwa asilimia 46, na jina la kosa lake wakaliandika kwa herufi kubwa.

Kila mtu pale mezani alikipenda kisa hicho. Mimi kikaniingia kama mchanga kwenye kiatu.

Maana swali linajileta lenyewe. Pipa la mvinyo lilifanya nini pale? Liliipatanisha wiski na nafsi yake, au liliifunika?

Wanaojua mambo haya huita hatua hiyo kumalizia. Kijana anahamishwa kwenye nyumba ya pili kabla ya kuoa, ndivyo ninavyoifikiria. David Stewart wa kiwanda cha Balvenie ndiye anayepewa sifa ya kuifanya iwe desturi mwanzoni mwa miaka ya 1980, alipoitoa wiski kwenye mapipa ya bourbon na kuilaza kwa muda kwenye ya sherry, mvinyo mkali wa Hispania. Leo pipa lolote lililowahi kuona zabibu hupata wiski ya kuliingia: Sauternes, Madeira, Marsala, mvinyo mwekundu wa Bordeaux. Kanuni za 2009 za Scotch, yaani wiski ya Scotland, haziruhusu kutia kitu kingine zaidi ya maji na rangi ya karameli. Ukimwaga kikombe cha port ndani ya wiski, umeharibu, si Scotch tena. Lakini ukiimimina wiski kwenye pipa ambalo mbao zake zimekunywa port mpaka zikalewa, huo unaitwa ufundi. Na mbao hunywa kweli; pipa tupu hubaki na lita kadhaa za mvinyo ndani ya ubao wake, zikisubiri.

Kuna zaidi. Mengi ya mapipa ya sherry siku hizi hayakutoka kwa mtu aliyekuwa anatengeneza sherry ya kunywa. Hutengenezwa kwa ajili ya wiski, yakatiwa mvinyo mwaka mmoja au miwili ili mbao zilowe tu, kisha mvinyo ule ukatolewa. Nilipojua hilo nilihisi kama nimeambiwa kwamba babu wa bwana harusi alikodiwa.

Maoni yangu, na si lazima uyakubali: chupa nyingi za namna hii ni changa na zimevalishwa kanga. Unakutana na jamu kwanza, halafu jivu, na katikati hakuna mtu nyumbani.

Je, na hii?

## Koito

Nilikuwa na miaka tisa shangazi yangu alipofanyiwa koito, sherehe yetu ya posa na mahari. Wageni wa upande wa mume walikuja kutoka mbali, na kwa siku saba kabla yao nyumba nzima ilitembea kwa vidole.

Kogo, yaani nyanya yangu, ndiye aliyekuwa na dhamana ya mursik. Nilimsaidia kushika kibuyu. Kwa kawaida mkaa unasagwa mara moja na maziwa yanaingia. Safari hiyo alisaga, akanusa, akasuuza, akakianika, akasaga tena. Kesho yake vile vile. Mara tatu. Nakumbuka mikono yake myeusi mpaka kwenye kiwiko na jinsi alivyoweka pua kwenye mdomo wa kibuyu na kubaki hapo, macho amefumba, kama mtu anayesikiliza mlango. Nilimuuliza, "Kogo, kimechafuka?" Akaniambia nikalete vijiti.

Siku ya wageni, bibi mmoja mzee wa upande wa pili alipewa wa kwanza. Alivuta funda, hakumeza upesi. Alilizungusha mdomoni kama hawa wenzangu wanavyofanya na glasi zao. Akameza. Akamtazama Kogo, si kwa ubaya, akasema:

"Kibuyu hiki kimefanya kazi."

Basi. Watu wakaendelea, ng'ombe wakakubaliwa, shangazi akaolewa. Lakini nilimwona Kogo akishusha macho, na mtoto wa miaka tisa hujua mtu mzima anaposhikwa.

Kwa miaka zaidi ya thelathini nimeamini kwamba maziwa yale yalikuwa yameharibika, na kwamba nyanya yangu, mwanamke mnyoofu kuliko wote ninaowajua, aliyazika ndani ya mkaa na kuwanywesha wakwe. Sikumwuliza mtu. Kogo alifariki nikiwa chuoni.

Hiyo ndiyo ladha niliyoikuta jikoni Glasgow. Moshi mwingi, kitu kitamu kichachu chini yake, na mtu anayeshusha macho.

## Glasi mbili

Wiki ya nne nilimwomba mwenzangu anigawie kidogo kilichobaki. Alinijazia kichupa cha dawa ya macho alichokichemsha (mhudumu wa wodi haachi kuwa mhudumu wa wodi). Nikanunua Machir Bay, ile ndugu yake wa kawaida: sehemu kubwa mapipa ya bourbon, na sherry kidogo. Kiwanda kile kile, moshi ule ule, asilimia 46 ile ile. Kama port ilikuwa inafunika kitu, kuziweka pamoja kungeniambia.

Nilizima redio. Nilikula wali mtupu ili mdomo usiwe na habari nyingine.

Machir Bay iliingia wazi. Ndimu, chumvi, moshi unaosimama wima kama wa jiko asubuhi isiyo na upepo. Hakuna cha kujificha. Ni kama kuzungumza na mtu aliyetoka kuoga. Am Bùrach ilikuwa na wekundu kwa mbali, kama maji yaliyosuuzia bakuli la forosadi. Mwanzoni matunda yanakuja mbele, forosadi hasa na matunda damu yaliyoiva mpaka yakaanza kulainika kwenye ngozi. Moshi umekaa nyuma, na umebadilika. Ule wa Machir Bay ni wa moto unaowaka. Huu ni wa moto uliozimwa kwa maji.

Nikatia maji, kijiko cha chai kimoja.

Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Machir Bay ilifunguka ikawa tamu zaidi. Am Bùrach ikaachana na yenyewe kwa dakika moja au mbili: matunda upande huu, jivu upande huu, na katikati ladha kavu inayobana fizi kama chai iliyochemka mno au ganda la komamanga. Ile ni mbao na mvinyo wake. Sikuikuta kwenye glasi ya kwanza. Kisha taratibu zikarudiana, na safari hii matunda yakawa chini na moshi juu.

Nilisubiri nione uozo. Sikuuona. Nilitafuta kile kilichofichwa, nikaonja tena, nikaonja mpaka nikaona nisipoacha nitakuta chochote ninachokitaka.

Glasi niliziacha bila kuosha, mtindo niliofundishwa hapa. Asubuhi, kabla ya chai, nikazinusa zikiwa kavu. Pombe imekwenda, maji yamekwenda. Machir Bay: jivu, na kitu kama biskuti. Am Bùrach: jivu. Nilidhani angalau zabibu zingebaki, ndizo zilizokuwa na kelele jana. Hazikuwepo kabisa. Kilichobaki ni moshi na mkaa.

Kwa hiyo mvinyo ndio ulikuwa mgeni. Nilikuwa nimeligeuza swali kichwa chini, nikimsaka mwenye nyumba chini ya kitanda.

## Simu

Jumapili nikampigia Mama. Nilizunguka sana. Nikaanza na mvua, nikaja kwa bei ya majani chai, nikamuuliza magoti. Mwisho nikasema.

"Mama, unakumbuka mursik wa koito ya Shangazi?"

"Nakumbuka."

"Yale maziwa yalikuwa yameharibika, sivyo?"

Kimya, mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kupiga paja.

"Nani alikwambia? Maziwa yalikuwa mazima. Ya asubuhi ileile, ya ng'ombe wetu."

"Sasa Kogo alikuwa anasagia nini mara tatu?"

"Kibuyu hakikuwa chetu."

Sotet kubwa ya nyumba, akanieleza, ilikuwa imepasuka wiki ile. Mmoja wetu sisi watoto aliikalia (sikuuliza ni nani, na yeye kwa wema wake hakusema). Hakukuwa na muda wa kukizoesha kibuyu kipya, kwa sababu kibuyu kipya hutia maziwa uchungu. Kogo akaenda kuazima kwa jirani ng'ambo ya mto. Na jirani huyo hakutumia senetwet. Alitumia mti mwingine, na ng'ombe wake walilishwa kwenye majaruba. Kibuyu kilikuja na nyumba yake yote ndani yake. Kogo alikuwa anajaribu kuitoa. Mara tatu, na haikutoka.

"Na yule bibi alijua," nikasema.

"Yule? Alijua hata ni ng'ambo gani ya mto. Alikuwa ameolewa dada yake huko."

Nilikaa na simu sikioni. Miaka yote ile. Kogo hakuwa anaficha kuoza. Alikuwa anaona haya kuwapa wakwe maziwa yanayonuka kwa mwenzake. Na huku nilipo watu husafirisha mapipa kutoka bonde la Douro, Ureno, mpaka kisiwa cha mvua kwa ajili ya harufu hiyohiyo aliyoisugua Kogo siku tatu mpaka viwiko vikawa vyeusi. Wanalipia. Wanaiandika kwenye lebo.

Sijui angesema nini. Nadhani angenusa kwanza.

Nilimweleza Mama habari ya chupa, kwa uangalifu, nikilitumia neno "kuonja" mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nikamweleza kosa la kuchanganya, pipa la Wareno, miaka ya kulala. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Nilipomaliza alivuta pumzi, nikajiandaa kwa mahubiri.

"Na hilo pipa," akasema, "wenyewe walirudishiwa?"

"La, Mama. Wanauza moja kwa moja."

"Mm," akasema. "Basi hicho kibuyu cha ng'ambo ya mto bado kiko hapa juu ya dari. Nilikuwa nafikiri nikirudishe."